Ada, nauli na msaidizi: namna ya kugharamia chuo cha jioni au masafa ukiwa na ulemavu na kipato kidogo, Dodoma

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ulemavu anayeishi Dodoma mjini au wilaya za jirani (Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa), mwenye kipato cha kuungaunga, anayetaka kusoma shahada huku akiendelea na kazi au biashara yake. Si mwongozo wa mwanafunzi anayekwenda kukaa bweni na kusoma kutwa. Huyo njia zake ni nyingi na zinajulikana. Anayesoma jioni, wikiendi au kwa masafa (yaani nyumbani, mbali na chuo) ndiye anayebaki katikati. Bodi ya Mikopo inamwona ana kazi, mwajiri anamwona ana mambo yake binafsi, na ndugu wanaona kuwa ada ya jioni ni ndogo, ataimudu.

Wengi wanaoacha masomo hawashindwi na ada. Wanashindwa na gharama ambazo mwenzao asiye na ulemavu hana: bajaji, msaidizi, mkalimani, kukuza maandishi, kufika hospitali. Kwa hiyo tunaanza na hesabu hiyo kabla ya kuzungumzia nani atalipa.

Hatua ya kwanza: hesabu ya muhula mmoja, kwa karatasi

Usihesabu miaka mitatu au minne. Hesabu hiyo inatisha na haikusaidii kitu leo. Chukua muhula mmoja, wiki 15, na uandike safu mbili. Safu ya kwanza ni gharama ambayo kila mwanafunzi analipa. Ya pili ni gharama inayokuja kwa sababu ya ulemavu wako. Zitenganishe, kwa sababu ile safu ya pili ndiyo utakayoipeleka kwa mwajiri, kwa halmashauri, kanisani, msikitini au kwa mfadhili. Mtu akiombwa "nisaidie ada" amelisikia ombi hilo mara mia. Akionyeshwa karatasi yenye kiasi cha nauli ya bajaji kwa vipindi 45, anaelewa anaombwa nini na kwa nini.

Tuchukue mfano wa nauli. Mwanafunzi anatumia kitimwendo, anakaa Nkuhungu, ana vipindi jioni mbili na Jumamosi. Hizo ni safari 3 kwa wiki, safari 45 kwa muhula. Mwenzake anapanda daladala, tuseme Sh 600 kwenda na 600 kurudi: 1,200 mara 45 ni Sh 54,000. Yeye hawezi kupanda daladala saa kumi na moja jioni, kondakta hamsubiri na kitimwendo hakina pa kukaa. Anachukua bajaji, tuseme Sh 4,000 kwenda. Kipindi kinaisha saa tatu usiku, bei inapanda hadi 5,000 kurudi. Hiyo ni 9,000 mara 45, yaani Sh 405,000. Tofauti ni Sh 351,000. Kama somo moja linalipiwa Sh 90,000, nauli hiyo ya ziada inakaribia masomo manne. Weka bei za mtaa wako, lakini fanya hesabu hiyohiyo, na usisahau usiku. Dodoma giza linaingia kabla ya saa moja na nusu mwaka mzima.

Fanya vivyo hivyo kwa mambo mengine. Mwenye uoni hafifu anayehitaji maandishi makubwa: kitini cha kurasa 300 ambacho mwenzake anatoa kopi kwa Sh 100 kila ukurasa, yeye akikikuza kwenye karatasi ya A3 atalipa mara tatu au zaidi. Kiziwi: mkalimani wa lugha ya alama kwa kila kipindi, na hapa gharama ni kubwa kiasi kwamba usikubali kuibeba peke yako kabla hujakiandikia chuo. Asiyeona: msaidizi wa kukuongoza siku za kwanza na wakati wa mitihani, pamoja na nauli yake na chakula chake. Mwenye ualbino: mafuta ya kukinga jua, kofia, miwani. Mtumia kitimwendo au baiskeli ya magurudumu matatu: mipira na kuziba pancha. Miiba ya Dodoma haina huruma, weka angalau tyubu mbili za akiba kwenye bajeti ya muhula.

Kipo kitu kimoja ambacho hakigharimu na watu wanakilipia bila sababu. Programu ya kusoma skrini ya NVDA kwa kompyuta ya Windows ni ya bure, na simu nyingi za Android zina TalkBack ndani tayari. Usikubali kuuziwa programu ya bei kubwa kabla hujajaribu hizo mwezi mzima.

Hatua ya pili: chagua namna ya kusoma kabla ya kuchagua chuo

Namna ya kusoma inaamua ukubwa wa safu ya pili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa, Dodoma ikiwemo. Hapo unasajili masomo kulingana na uwezo wa mfuko wako, unasoma nyumbani, unakwenda kituoni kwa mambo machache na kwa mitihani. Kwa mtu ambaye nauli ndiyo adui, unafuu ni mkubwa. Kwa asiye na sifa za moja kwa moja za kujiunga na shahada, wana kozi ya msingi inayoweza kumfikisha huko. Ubaya wake ni upweke. Hakuna kengele wala mwalimu wa kukuangalia usoni, na asiyeona anaweza kukwama wiki nzima kwa sababu kitini kimetumwa kama picha ambayo programu ya kusoma skrini haiwezi kuisoma. Uliza mapema vitini viko katika muundo gani.

Madarasa ya jioni na wikiendi katika vyuo vya mjini yana faida ya wenzako na mwalimu, lakini yanakuja na nauli. Kabla ya kulipa ada ya maombi, nenda mwenyewe saa ile ambayo kipindi kingefanyika. Usiende asubuhi. Nenda saa kumi na moja jioni, ukae mpaka saa tatu, uone taa zikoje, ngazi ziko wapi, choo kinaingilika na kitimwendo au la, na bajaji inapatikana wapi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano, kimetawanyika mlimani. Umbali kutoka ndaki moja hadi nyingine ni wa kupanda chombo, si wa kutembea. Ukumbi wa kipindi chako ukiwa ghorofa ya pili bila lifti, hilo ni jambo la kuandikia barua kabla ya usajili. Wiki ya tatu tayari umechelewa.

Halafu idadi ya masomo. Ushauri wetu ni mkali hapa: muhula wa kwanza sajili masomo machache kuliko unavyodhani unaweza, hata kama mkononi una fedha za zaidi. Somo ulilofeli unalilipia mara mbili, na nauli yake mara mbili.

Hatua ya tatu: nyaraka, kabla dirisha lolote halijafunguliwa

Maombi mengi yanakataliwa kwa ajili ya karatasi, hata mwombaji awe mhitaji kiasi gani. Anza mwezi wa kwanza au wa pili, kwa maana dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufunguliwa katikati ya mwaka, na ofisi zikifika mwezi wa saba na wa nane zinajaa foleni.

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki unaombwa kwa mtandao. Mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono aanze hapa, kwa sababu mara nyingi ndipo panapokwama. Ambaye hana cheti kabisa, usajili unafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya aliyozaliwa. Kama umezaliwa Mpwapwa na unaishi Ipagala, panga safari. Yatima aongeze vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vihakikiwe.

Pili, majina. Yalinganishe herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa. "Mwajuma" upande mmoja na "Mwanajuma" upande mwingine, au jina la babu kuwepo huku na kukosekana kule, inatosha kuzuia kila kitu. Suluhisho ni hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, au kurekebisha kumbukumbu zenyewe, na yote mawili yanachukua muda. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Iandike kwenye daftari, isibaki kwenye simu tu.

Tatu ni uthibitisho wa ulemavu, na tutakaa hapa kidogo. Bodi inataka ulemavu wa mwombaji uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya, na ukiwa mjini ofisi yako ni ya Mganga Mkuu wa Jiji. Daktari aliyekutibu hawezi kuthibitisha peke yake. Yeye anaandika maelezo, Mganga Mkuu ndiye anayetia saini na muhuri. Watu wanapoteza wiki mbili kwa kwenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu mikono mitupu na kurudishwa kwenda kupimwa. Nenda kwanza kliniki inayohusika (macho, masikio, mifupa au ngozi), pata maelezo ya maandishi, ndipo upande ofisini. Kabla hujaondoka mlangoni, soma karatasi: jina lako sawasawa, aina ya ulemavu imeandikwa kwa maneno, saini ipo, muhuri unasomeka, tarehe ipo. Muhuri uliofifia ukipigwa picha kwa simu hauonekani kabisa. Omba upigwe tena palepale. Asiyeona aende na mtu anayemwamini wa kumsomea karatasi hiyo, asitegemee kuambiwa tu "iko sawa".

Omba nakala za ziada zenye muhuri halisi, tano au sita. Karatasi hiyohiyo utaipeleka chuoni, halmashauri, kwa mwajiri na kwa mfadhili.

Nne, kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, tafuta namba ya kaya kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Ni ushahidi wa hali ya kipato wenye nguvu kuliko barua ndefu. Kama haimo, barua ya mtendaji yenye muhuri, ikieleza kazi ya wazazi au walezi na idadi ya wanaowategemea, itakufaa kwa wafadhili wengine.

Kuna tatizo la alama za vidole. Kwa asiye na vidole, au ambaye vidole vimekunjamana au kuchubuka, mashine itakataa kwenye kitambulisho, kwenye usajili wa laini, na tena chuoni wakati wa kusaini fedha. Usisubiri ikukatae mara ya tatu. Mwambie mhudumu mwanzoni kabisa, uombe utaratibu mbadala, na andika jina la aliyekuhudumia na tarehe.

Hatua ya nne: Bodi ya Mikopo, kwa macho makavu

Mkopo wa Bodi umeundwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kutwa asiye na ajira. Miongozo ya miaka ya karibuni imetaka mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35, asiye na kipato cha ajira au mkataba rasmi, na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Ukiwa na mshahara rasmi, usilipe ada ya maombi kwa kubahatisha. Ukiwa unauza karanga Majengo au unashona nyumbani, huna ajira rasmi, na mlango uko wazi zaidi kwako. Hata hivyo nenda dawati la mikopo la chuo unachotaka, taja programu kwa jina na uulize: je, wanafunzi wa programu hii ya jioni au masafa wamewahi kupangiwa mkopo, na kwa vipengele gani? Afisa mikopo anajua. Swali hilo la dakika tano linaokoa Sh 30,000, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ada ya maombi.

Ukiona unastahili, omba hivi.

Jisajili kwenye mfumo kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na S au P, pamoja na mwaka. Kama ulirudia mtihani, weka namba zote. Mfumo utakupa namba ya malipo, wengi huiita kontroo namba: tarakimu 12, zinaanza na 99. Fedha ya serikali inalipwa kwa namba hiyo. Mtu anayekuambia umtumie kwenye namba yake ya simu ili "akusukumie faili" ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Wengi wanajaza fomu steshenari, na si vibaya. Kosa ni kumwachia kijana wa steshenari aweke barua pepe yake na neno la siri analolijua yeye. Mwezi wa kumi unataka kuangalia kama umepangiwa, duka limefungwa au kijana amehama. Tengeneza barua pepe yako, neno la siri liwe lako, namba ya simu iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Kwa asiyeona, hili ni jambo la usalama pia, maana mtu akishajua neno lako la siri anaweza kuona na kubadilisha taarifa zako bila wewe kujua.

Fomu ikishachapishwa inazunguka: wewe unasaini, mdhamini anasaini na kuambatisha nakala ya kitambulisho na picha, kiongozi wa mtaa au kijiji anasaini na kugonga muhuri, wakili au hakimu anathibitisha. Ukurasa mmoja usio na saini unatosha kukuweka kwenye orodha ya waliokosea. Kurasa zikishapigwa picha au kuskaniwa, zifungue moja moja kabla ya kuwasilisha. Tafuta hasa ukurasa uliogeuka chini juu, na ule ambao kidole kimeziba muhuri.

Wakati wa kujaza, kipengele cha ulemavu kijazwe. Wapo wanaoficha wakiogopa kubaguliwa. Kwenye mfumo huu kuficha kunakunyima haki, kwa kuwa ulemavu ni moja ya hali zinazoangaliwa katika kupima uhitaji. Na ulemavu wa mzazi nao unahesabiwa ukithibitishwa vivyo hivyo.

Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Lakini usipige hesabu ya bumu, yaani fedha hiyo ya kujikimu, kabla hujaona jina lako na vipengele ulivyopangiwa. Mwanafunzi wa masafa asijilinganishe na wa bweni. Majina hutoka kwa awamu. Ukikosa zote, dirisha la rufaa hufunguliwa, na rufaa yenye nguvu ni ile inayoleta karatasi mpya: uthibitisho wa Mganga Mkuu uliochelewa, cheti cha kifo kilichohakikiwa, namba ya TASAF. Rufaa inayorudia maneno yaleyale mara chache hubadilisha jambo.

Na ukumbuke huu ni mkopo. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo usitishwe na hesabu za zamani unazosikia vijiweni.

Hatua ya tano: usipostahili mkopo wa Bodi

Hapa ndipo wengi wa wasomaji wa mwongozo huu wapo.

Chuo chenyewe ndicho cha kwanza. Omba kulipa kwa awamu, kwa maandishi, kabla ya muhula kuanza, na weka tarehe unazoweza kuzitimiza. Barua iwe fupi namna hii:

"YAH: OMBI LA KULIPA ADA YA MUHULA KWA AWAMU NNE. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, programu ya jioni, namba ya usajili (iandike). Nina ulemavu wa viungo. Uthibitisho wa Mganga Mkuu umeambatishwa. Kipato changu kinatokana na ushonaji, na nauli yangu ya bajaji kwa muhula ni Sh 405,000 kama mchanganuo unavyoonyesha. Naomba kulipa ada hivi: (tarehe na kiasi, mara nne). Naomba pia niruhusiwe kufanya mitihani endapo nitakuwa nimelipa awamu tatu kwa tarehe zilizotajwa."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Wengi wanakubaliwa kulipa kwa awamu halafu wanazuiwa mlangoni siku ya mtihani kwa sababu mfumo wa fedha unaonyesha deni. Pitisha barua kwa mkuu wa idara, acha nakala, rudi na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya mtihani nenda nayo.

Ukipanga tarehe za awamu, zifuate fedha za Dodoma zinavyokuja. Alizeti inavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Zabibu ina mavuno mawili, mwanzoni mwa mwaka na tena mwezi wa nane hadi wa tisa, na hayo ya pili yanaangukia vizuri kabla ya usajili wa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza kaya nyingi vijijini hazina fedha, watu wanapalilia na kununua chakula. Usiahidi awamu kubwa mwezi huo.

Barua ya pili kwa chuo iende kitengo cha mahitaji maalumu au, kama hakipo, kwa mshauri wa wanafunzi. Taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, kisha omba vitu kwa majina: ukumbi wa chini, mkalimani kwa vipindi fulani, vitini kwa njia ya kielektroniki siku tatu kabla, muda wa ziada kwenye mtihani. Kila kitu ambacho chuo kinakitoa ni mstari unaoufuta kwenye ile safu ya pili.

Halmashauri ndiyo inayofuata. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwa kawaida utahitaji kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na andiko la mradi, lakini uliza pia kama mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake.

Huu si mkopo wa ada, na tunasisitiza hili kwa nguvu zote. Ni mkopo wa biashara na marejesho yake yanaanza mapema. Mtu akichukua Sh 2,000,000 akalipa ada ya mwaka, mwezi wa marejesho hana kuku, hana cherehani, hana cha kurejesha, na anawavuta wenzake wa kikundi pamoja naye. Mtaji uende kwenye biashara. Ada itoke kwenye faida. Kwa hesabu ya kawaida, faida ya mkopo ulioupata mwaka huu ndiyo ilipie masomo ya mwaka ujao.

Kwa aliyeajiriwa, zungumza na mwajiri kuhusu muda kabla ya fedha. Ruhusa ya kutoka saa tisa na nusu siku mbili kwa wiki inaweza kukuwezesha kuwahi daladala isiyo na msongamano, na ukirudi kwenye hesabu yetu ya Nkuhungu, kubadilisha safari za kwenda tu kutoka 4,000 hadi 600 kwa jioni 30 kunaokoa Sh 102,000. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya kusoma kwa maandishi kabla hajajisajili, la sivyo cheti kinaweza kuja kuleta maswali badala ya kupandishwa daraja. Baadhi ya benki zina mikopo ya elimu kwa wenye mshahara unaopitia kwao. NMB, kwa mfano, ilianzisha wa kwake mwaka 2022 kwa riba ya asilimia 9. Ukilinganisha na mkopo wa mtaani wa asilimia 20 au 30 kwa mwezi, huo wa benki ni nafuu mno. Mikopo ya kausha damu usiiguse kwa ajili ya ada, hata iwe ni wiki moja tu kabla ya mtihani. Afadhali kuahirisha somo moja.

Vyama vya watu wenye ulemavu navyo ni mlango: TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, CHAWATA kwa ulemavu wa viungo, TAS kwa wenye ualbino, na SHIVYAWATA linalowaunganisha. Usitegemee vikulipie ada. Vitumie kwa taarifa, barua ya utambulisho, na kwa kumpata mkalimani au msaidizi mzuri kwa bei ya kuelewana. Tangazo la ufadhili mara nyingi hufika kwao siku kumi kabla ya kufungwa. Aliye na faili lake tayari ndiye anayewahi.

Na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kama mko watano au sita mnaosoma, wekeni kikundi kidogo cha ada peke yake, mkopeshane tarehe za awamu tu. Kisichanganywe na kikundi cha harusi na misiba.

Bima ya afya

Mstari huu huonekana mdogo, ila ukikosekana unakula ada yote. Bima ya mwanafunzi wa elimu ya juu kupitia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka. Kwa mwenye ulemavu unaohitaji kliniki za mara kwa mara hiyo ni fedha ndogo kuliko ziara mbili za kulipia mfukoni. Kabla ya kuilipa, uliza kama mwanafunzi wa programu yako anasajiliwa na chuo, na uliza hasa kuhusu vifaa saidizi kama shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), miwani au magongo: kipi kinalipiwa, kwa kiasi gani, na kila baada ya muda gani.

Fedha ikikatika katikati

Itatokea. Kitimwendo kimevunjika ekseli, mvua imeharibu alizeti, mteja mkubwa hajalipa. Usinyamaze na usitoweke. Andika barua ya kuahirisha muhula au somo kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo, ambayo karibu kila mara iko kabla ya mitihani, ambatisha ushahidi, na uulize kwa maandishi ni kiasi gani cha ada uliyokwisha kulipa kinahamia muhula ujao. Anayetoweka anahesabiwa kuwa amefeli masomo yote, deni la ada linabaki kwenye mfumo, na akirudi anaambiwa alipe la zamani kwanza. Kama una mkopo wa Bodi, dawati la mikopo lipate nakala ya barua hiyo wiki ileile.

Faili lako lote (uthibitisho wa Mganga Mkuu, barua zenye muhuri wa kupokelewa, risiti, mchanganuo wa muhula) liweke sehemu mbili: bahasha ngumu isiyopitisha maji nyumbani, na picha zake kwenye barua pepe yako mwenyewe. Mchanganuo uandike upya kila muhula kwa bei mpya za bajaji.